Jeshi Linanihitaji, Mimi Sina Nafasi

Jumatatu, 3 Machi

Balaa! Redio imetangaza saa ya chakula cha mchana, mdomo umejaa. Sheria ya kuandikisha vijana jeshini kwa lazima, iliyolala tangu sijaanza shule, imeamshwa. Kila mwanamume wa miaka kumi na minane hadi ishirini na minane atatumikia mwaka mmoja na nusu. Mimi nina ishirini na saba. Ningezaliwa mapema kidogo tu! Jioni nimemlaumu Mama. Kasema nisimlaumu yeye, nilichelewa kutoka mwenyewe, na tabia hiyo ninayo hadi leo.

Si kwamba mimi ni mwoga. Naandika hili wazi. Nina mambo mengi tu. Katika karakana ya ushonaji ya Mjomba nimeshapewa cherehani ya dirishani, penye mwanga, na siku Mjomba akipumzika meza ya kukatia ni yangu. Ila kuna Pasi. Pasi ni fundi mwenzangu, na tunamwita hivyo kwa sababu hata leso yake ina mistari ya kunyooshwa. Ana miaka thelathini na moja. Jeshi halimtaki. Taarifa ilipokwisha alinipa pole, mkono begani, mwenye huzuni kabisa. Macho yake yalikuwa yanalipima dirisha langu.

Wanaosamehewa ni wagonjwa na wenye watoto. Watoto sina. Basi kuanzia kesho naumwa.

Jumanne, 4 Machi

Nimechagua mguu. Maradhi ya mguu yana heshima yake. Hayanuki, na hayakuzuii kula.

Asubuhi nimechechemea kutoka chumbani hadi jikoni. Mama alikuwa anamenya viazi. Akaendelea kumenya. Nikachechemea kwenda kuchota maji, nikachechemea kurudi. Hapo akauliza maumivu yamehamia mguu wa pili tangu lini. Nikamwambia haya maumivu yanatembea. Akasema basi yanatembea vizuri kuliko mimi.

Kisha akaweka kisu chini. Mama akiweka kisu chini, ujue kuna hotuba. Alianza na babu, baba yake. Enzi za watawala wa kigeni babu alikwenda sokoni kuuza kuku, askari wakazingira soko, wakawafunga wanaume kamba moja kiunoni, mmoja nyuma ya mwenzake kama vitunguu. Babu alikuwa bado amemkumbatia kuku. Wote wawili wakaingia jeshini, kuku upande wa jikoni.

"Baba yangu walimpata kwa kamba," Mama akasema. "Kaka yangu walimpata kwa kura. Wewe wanakuita kwa redio, kwa adabu zote, na bado unachechemea!"

Nilimwambia nyakati zimebadilika. Akasema hilo ndilo linalomsikitisha.

Mpango wa mguu umefutwa.

Alhamisi, 6 Machi

Macho! Nimekuwa mjinga kiasi gani? Mguu kila mtu anauona. Jicho, nani ataingia ndani kuhakikisha?

Nimeanzia kazini, ili wawepo mashahidi. Nilipoingia nimeliamkia lile sanamu la kuvalishia nguo: "Shikamoo, mama." Nimemwita Pasi dada. Nimebisha hodi kwenye kabati. Pasi akasikitika sana, tena kwa sauti kubwa, akatoka barazani kusikitika mbele ya wateja.

Kufikia adhuhuri mtaa mzima umejua kuwa sioni. Na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mteja wangu mkubwa kuliko wote, mama wa bibi harusi, amekuja kuchukua kitambaa chake. Gauni lenye mkia na lesi, kazi ya kumtangazia fundi jina! Kasema hana ubaya na watu wasioona, Mungu awaponye, lakini mwanawe anaolewa mara moja tu. Kakitua kitambaa mezani kwa Pasi. Pasi akakipokea kwa mikono miwili kama anapokea mtoto mchanga.

Mjomba alikuwa ananitazama juu ya miwani. Mjomba ni kaka yake Mama, mtu wa maneno machache. Sikio lake la kulia lilikufa jeshini, kwa hiyo wote tumezoea kuongea naye upande wa kushoto. Hakunigombeza. Kasema kama macho yamekwisha, niende nikashone mifuko ya suruali za jeshi, kwa kuwa mfuko hata kipofu anaupapasa.

Ndiyo. Suruali za jeshi. Karakana imepata kazi ya kushona sare za hao hao wanajeshi wapya. Nimeshinda nikishona mifuko hadi shingo ikakauka. Najishonea kitanzi, tena mshono wa mara mbili.

Jumamosi, 8 Machi

Mtu mwenye akili haweki mayai yote kapu moja. Jicho likishindikana, ndoa.

Mchumba wangu ni muuguzi. Kwa muda mrefu amekuwa akiniuliza tarehe ya harusi, nami nimekuwa nikimjibu mambo yakikaa sawa. Leo nimevaa shati jeupe nikaenda kwao. Nikamwambia tuoane Ijumaa hii.

Akaweka kikombe mezani taratibu. Machozi yakamlengalenga. Akauliza kama kweli. Nikasema kweli tupu. Akanishika mkono. Ningenyamaza hapo ningekuwa mtu mwenye furaha usiku huu! Lakini nikaongeza jambo moja dogo: ingefaa sana kama dada yake angetuazima wale pacha wake kwa muda, na wafundishwe kuniita baba.

Akauachia mkono wangu.

Akauliza kama redio inahusika. Nikajibu redio imenikumbusha tu. Akainuka, akaingia chumbani, akafunga mlango. Nikaongea na mlango kwa muda mrefu, kwa hoja nzuri. Mwishowe akanijibu kutoka ndani:

"Umekuja kuoa au umekuja kujificha?"

Nikamuuliza kwani mtu hawezi kufanya yote mawili. Mlango haukufunguliwa. Hakupaza sauti, na hilo ndilo linaloniuma. Mtu akikufokea bado anakuhesabu.

Jumatatu, 10 Machi

Siku ya kupimwa afya. Ukumbi wa shule, madirisha mabovu, mwanga hafifu. Vijana wa mtaa mzima tumepangwa foleni na chupi zetu. Muuza nyama, yule anayetutisha wote na shoka lake, ana miguu kama njiti za kiberiti. Nilijisikia vizuri kidogo.

Nikafika meza ya macho. Nani kakaa kando ya Daktari? Mchumba wangu! Kaniuliza jina kana kwamba hajawahi kuniona duniani.

Sikutetereka. Ukutani kulikuwa na ubao wa herufi, ya juu kubwa kama mlango wa choo. Daktari akauliza naona nini. Nikasema ukungu. Na chini yake? Ukungu mwingine. Basi ukuta wenyewe nauona? Nikauliza ukuta upi. Daktari ni mzee, amechoka, alikuwa na watu wengi nyuma yangu. Akatikisa kichwa kwa huruma, akashika kalamu. Nilikuwa nimeshaokoka! Nilikuwa nimeshaanza kupanga namna ya kulirudisha lile gauni la harusi.

Hapo mchumba wangu akasema taratibu kwamba kifungo cha koti la Daktari kinaning'inia. Asiwe na wasiwasi, yeye ana sindano na uzi. Akaanza kutunga uzi kwenye sindano.

Ee Mola! Alilamba uzi kama mtoto anavyolamba asali. Akaukosa. Akajaribu tena, uzi ukachanuka ncha kama ufagio. Akaukosa. Akausukuma huo huo ufagio kwenye tundu, akashangaa kwa nini hauingii. Nikageuza uso pembeni. Nikasikia akilamba tena. Mimi ni fundi! Nimekula kiapo cha sindano tangu sijaota ndevu! Kuna mateso binadamu hawezi kuyatazama.

Nilimnyang'anya. Nikaukata uzi kwa meno, nikausokota, nikautunga mara moja, hata sikuinamisha kichwa. Nikapiga fundo. Na kwa kuwa mkono ulishaanza kazi, nikakishona na kifungo, nikakizungushia uzi shingoni kisije kikalegea tena.

Nilipoinua uso ukumbi mzima ulikuwa unanitazama. Daktari akakivuta kifungo, akakiangalia, akasema hajawahi kushonewa vizuri hivyo. Halafu akaandika, kwa herufi nilizoziona vizuri sana kutoka nilipokuwa: ANAFAA.

Foleni yote ikacheka, na muuza nyama akakaa chini kabisa. Mchumba wangu peke yake hakucheka. Akasema, "Anayefuata."

Jumanne, 11 Machi

Pasi ameleta mto wake wa kukalia, ameuweka kwenye kiti changu cha dirishani. Kasema anakipasha moto tu. Nimeutupa chini. Ameuokota, ameupiga pasi, ameurudisha.

Alasiri Mjomba akamtuma Pasi apeleke mzigo, akaniita nikae upande wake wa kushoto. Nilijua nimekwisha. Nikadhani ataniambia juu ya macho, juu ya gauni, juu ya aibu ya jana. Hakuyagusa. Alikuwa anakata kitambaa cha jeshi, mkasi unakwenda, na akaongea bila kuacha kukata.

Enzi zake ilikuwa kura. Vijana wote wa mtaa waliitwa uwanjani, mbele yao pipa, ndani ya pipa vijiti. Kijiti kirefu, unarudi nyumbani. Kifupi, unapanda lori. Yeye Mjomba alichomoa kirefu. Aliyesimama nyuma yake alichomoa kifupi, na huyo alikuwa Baba yangu, Mungu amrehemu, ambaye alikuwa ameoa juzi tu.

"Dada yangu alikuwa na tumbo," Mjomba akasema. "Na ndani ya tumbo ulikuwa wewe. Nikampa baba yako kijiti changu, nikachukua chake. Alitaka kukataa. Nikamwambia, shemeji, nyamaza, ofisa anatazama."

Alikaa jeshini hadi sheria ilipowekwa kando. Sikio lilibaki mpakani, karibu na mzinga. Alikuwa na mchumba, na mchumba alichoka kungoja, akaolewa na mwingine. Kushona alifundishwa huko huko, kwenye kambi, na fundi mfungwa. Aliporudi alinikuta natembea, namkimbia nikidhani ni mgeni.

Nikamuuliza kama Mama anajua. Kasema anajua, ila walikubaliana nisiambiwe, maana mtoto hatakiwi kuzaliwa na deni. Kisha akasema meza hii ya kukatia hakuna wa kuikalia nikiwa sipo, hata Pasi, na akaendelea kukata.

Nimelia. Sioni haya kuandika. Nimelia juu ya suruali ya jeshi hadi nikailowesha goti. Binadamu mkubwa namna hii nilikuwa naongea naye kila siku juu ya vifungo!

Nimefika nyumbani, nimemwamkia Mama kwa namna ambayo imemtia wasiwasi, akanishika paji la uso. Nimelala chali nikitafakari ukubwa wa roho ya Mjomba. Na katika kutafakari, jambo moja likanijia wazi kabisa, kama taa imewashwa.

Kumbe watu wanaweza kubadilishana!

Alhamisi, 13 Machi

Nimemtafuta wa kubadilishana naye, na jibu limekuwa mbele ya pua yangu muda wote, limekalia mto wake. Nimesikia kwamba wanaojitolea wenyewe hupokelewa hadi miaka thelathini na mitano. Pasi!

Sikumwomba. Mtu haombwi jambo kubwa, anatiwa hamu. Nilianza kidogo kidogo, nikiwa kwenye mifuko yangu. Nikasema jeshini kila shati lazima linyooshwe, na asiyenyoosha anaadhibiwa. Pasi akaacha kushona. Nikasema kuna ukaguzi kila asubuhi, ofisa anapita na fimbo akitafuta mkunjo. Pasi akameza mate.

Nikaona samaki anasogea, nikasimama. Nilipanda juu ya kigoda. Sijui maneno yalitoka wapi, yalikuja tu! Nikasema nchi ni kama shati, bila kola halina heshima, na jeshi ndilo kola. Nikasema babu zetu walikwenda kwa kamba, wajomba zetu wakaenda kwa kura, sisi twende kwa miguu yetu wenyewe! Mama hakuwepo, kwa hiyo hakuna aliyejua nimeyatoa wapi. Wapita njia wakasimama dirishani. Fundi viatu wa jirani akavua kofia. Pasi akaanza kutoa machozi, na leso hakuigusa, kwa kuwa ilikuwa imenyooshwa.

"Niandikeni!" akapiga kelele. "Niandikeni mimi leo hii!"

Mlangoni alikuwa amesimama Sajini wa ghala, aliyefuata sare zake. Kumbe amesikia yote. Nikaruka kutoka kigodani, nikamshika Pasi mkono, nikamkabidhi. Nikasema huyu hapa, anakwenda badala yangu, kwaheri ya kuonana.

Sajini akacheka hadi kofia ikamwanguka. Kasema kubadilishana kulizikwa pamoja na vijiti. Siku hizi anayejitolea anaongezwa, hampunguzi mtu. Kwa hiyo amekuja kuchukua suruali, anaondoka na suruali na askari wawili. Tena mdomo kama wangu ni mali ya taifa. Jumapili, siku ya kuagana, nitahutubia uwanjani mbele ya mkuu wa kikosi.

Nikamtazama Mjomba anitetee. Alikuwa amegeuza sikio la kulia.

Jumapili, 16 Machi

Asubuhi Mjomba alinipimisha suruali yangu. Kaishona mwenyewe, usiku sijui saa ngapi, mshono ambao siwezi kuufikia nikiishi maisha mawili. Alipiga magoti chini akipima upindo, pini mdomoni. Nikaona ni sasa au basi. Nikamwambia yote. Nikasema kijiti kile sitakisahau, nikasema yeye ni baba yangu wa pili, nikasema maneno ambayo sijawahi kumwambia mtu. Nilipomaliza alitoa pini mdomoni, akauliza, "Nini?"

Nilikuwa nimesimama upande wa kulia.

Nguvu za kurudia sikuwa nazo. Nikasema, "Naona ni ndefu kidogo, Mjomba." Akaipandisha kidogo. Akakaa ameushika ule upindo muda mrefu kuliko unavyohitaji upindo.

Hotuba ilikwenda vizuri kupita kiasi. Kamba, kura, miguu yetu wenyewe, kola ya shati, yote. Watu walipiga makofi. Vijana kadhaa waliosamehewa wakaja mbele kujitolea, na mama zao wakanitazama kwa macho ambayo nikirudi itabidi nipite njia nyingine. Mama yangu mwenyewe aliposikia ile ya kamba na kura akamgeukia jirani, akasema kwa sauti kwamba hayo ni maneno yake, wizi umeanzia nyumbani.

Mchumba wangu alikuja. Alivaa sare yake ya kazi, alitoka zamu. Akaniuliza kama yale niliyosema nayaamini. Nikafikiri. Nikajibu kwamba nilipokuwa nayasema, ndiyo. Akasema hayo ni mengi kuliko aliyowahi kupata yeye kutoka kwangu. Nikamwambia nataka kutaja tarehe, ya kweli safari hii, bila pacha wa mtu. Akanifunga kifungo cha juu cha shati, akakifunga vibaya, nikavumilia.

"Wewe rudi kwanza," akasema. "Tarehe nitapanga mimi."

Lori likaondoka. Pasi alikaa kando yangu, wima, hataki kuegemea asije akakunjamana.

Jumatano, 26 Machi

Kambini. Tunachimba mahandaki. Tukimaliza tunayafukia, kisha tunaambiwa yalikuwa mahali pasipofaa. Mikono yangu, mikono ya kushonea lesi, imekuwa kama magome.

Pasi anaendelea vizuri, inachukiza. Ofisa aliona kola yake siku ya kwanza, sasa ananyoosha sare za maofisa wote kivulini na anakunywa chai yao. Yeye aliyejitolea! Jioni ananiuliza kama mikono inauma, na kwa kweli anauliza kwa huruma, jambo ambalo siwezi kumsamehe.

Nimekuwa na muda mwingi wa kutafakari huko shimoni. Nimekiri nafsini mwangu: kila nilipojifanya mjanja nimejichimbia kaburi, na sasa nachimba kwa koleo la serikali. Mguu, macho, ndoa, hotuba. Kama ningekaa kimya tangu siku ile ya redio, ningekuwa hapa hapa, lakini na gauni la harusi mezani na mchumba asiyenifungia mlango. Inatosha. Nimekoma. Kuanzia leo mimi ni mtu wa kunyooka. Nimemwandikia Mama hivyo, na Mjomba, na mchumba wangu, barua tatu zenye maneno yale yale kwa sababu nilitaka kuwa mkweli kwa usawa.

Jioni, njiani kwenda kuzituma, nimepita karibu na bendi ya jeshi wakifanya mazoezi. Wamekaa kwenye viti! Kivulini! Nikauliza, kwa udadisi tu. Kumbe wanabendi hawachimbi. Hawachimbi kabisa, vidole vyao vinalindwa. Na mpiga tarumbeta wao amemaliza muda wake jana.

Nimemwambia kiongozi wa bendi kwamba nimepiga tarumbeta tangu utotoni, babu alikuwa nayo. Amefurahi sana, mzee wa watu, karibu anikumbatie. Kesho asubuhi kuna jenerali anakuja kutukagua, na mimi ndiye nitakayepiga wimbo wa kumpokea, peke yangu, bendi yote ikiwa kimya.

Hakuna ugumu wowote. Ni pumzi tu na midomo. Nimemuuliza Pasi, kwa mbali, asije akashtuka, kama anajua tarumbeta hupulizwa upande upi.